Mwanasaikolojia Yuko Lubumbashi, Mgonjwa Yuko Kamina

Kutoka Kamina hadi Lubumbashi kwa reli ni takriban kilomita 600. Treni ya SNCC, shirika la reli la taifa, ikiondoka, hakuna wa kuapa itafika siku gani, na barabara wakati wa mvua inajulikana. Sasa mchukue mama ambaye hajalala vizuri tangu amzike mtoto wake, au kijana anayeruka kila mlango unapogongwa. Huyu haambiwi apande gari amfuate mwanasaikolojia Lubumbashi, azungumze naye dakika 50, arudi, kisha wiki ijayo aende tena. Tiba ya mazungumzo hufanya kazi kwa kurudiwa wiki baada ya wiki: mara tano, mara kumi na mbili, pengine zaidi. Kwa mkazi wa Nairobi au Brussels, kutibiwa kwa simu au kwa video kunampunguzia foleni ya magari. Kwa mkazi wa Kamina, hapo ndipo penye kupata tiba au kuikosa.

Wataalamu wa magonjwa ya akili nchini Kongo wamekusanyika katika miji michache. Kinshasa ina CNPP, kituo cha magonjwa ya akili kilicho chini ya chuo kikuu. Bukavu ina SOSAME, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Mabruda wa Charité, na Lubumbashi mabruda haohao wana kituo chenye jina la Dokta Joseph Guislain. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo chake cha saikolojia. Ukiiacha miji hiyo, mzigo unabebwa na wauguzi, mapadre, wachungaji, waganga wa jadi na mama wakubwa wa familia. Katanga ilipogawanywa kuwa mikoa minne mwaka 2015, Kamina ikawa makao makuu ya Haut-Lomami na kupata gavana wake, lakini kuigawa ramani hakugawi madaktari.

Na mzigo wenyewe ni mzito. Vita vya 1998 hadi 2003, na vurugu za wanamgambo wa Mai-Mai zilizofuata katika pembetatu ya Mitwaba, Manono na Pweto, viliwahamisha maelfu ya watu wa kaskazini mwa Katanga. Aprili 2014 treni ya mizigo iliyosheheni abiria ilianguka Katongola, si mbali na Kamina, ikaua makumi ya watu. Mfupa uliovunjika siku ile ulikuwa na mtu wa kuufunga. Lakini mtu aliyevutwa kutoka chini ya behewa na tangu hapo hawezi tena kusikia king'ora cha treni bila kutokwa jasho, katika mji ambao reli inapita katikati yake, anahitaji fundi wa aina nyingine. Pamoja na hao kuna wake wa askari wa base ya Kamina wanaongoja habari kutoka pande za Kivu, kuna waliofiwa, kuna waliobakwa, na kuna wengi ambao hawakupatwa na tukio lolote kubwa ila sonona imewakalia kifuani mpaka hawaoni sababu ya kuamka.

Wazo la kumtibu mtu wa mbali kwa sauti si la jana. London, mwaka 1953, mchungaji Chad Varah alifungua laini ya simu kwa watu waliofikiria kujiua, na huduma yake, Samaritans, ipo hadi leo. Mwaka 1964 taasisi ya magonjwa ya akili ya Nebraska, Marekani, iliunganishwa kwa televisheni ya pande mbili na hospitali ya Norfolk iliyo umbali wa kilomita zipatazo 180, ili madaktari waliokuwa mjini wawahudumie wagonjwa wa huko. Tuuangalie umbali huo: Kamina na Lubumbashi ziko mbali zaidi ya mara tatu. Kilichoieneza njia hii duniani ni korona. Mwaka 2020, safari zilipofungwa, wanasaikolojia waliokuwa wamekataa miaka yote kufanya kazi kwa simu walijikuta hawana njia nyingine. Uganda, shirika la StrongMinds, ambalo kazi yake ilikuwa kuwakusanya kina mama wenye sonona katika vikundi chini ya mti au ukumbini, lilianza kuwaunganisha kwa simu za kawaida.

Je, inaponya? Jibu la kweli lina sehemu mbili, na nazitaka zote mbili zisikike. Mwaka 2012 David Mohr na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, walichapisha utafiti wa watu 325 wenye sonona. Nusu walitibiwa ana kwa ana, nusu kwa simu tupu, bila picha, kwa njia ileile ya tiba na kwa vikao 18. Waliotibiwa kwa simu waliacha tiba njiani kwa uchache zaidi: karibu asilimia 21, dhidi ya karibu asilimia 33 ya wale wa ana kwa ana. Mwisho wa vikao makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu inayolingana. Miezi sita baadaye, hata hivyo, waliokuwa wamekaa chumba kimoja na mtaalamu wao walikuwa na hali nzuri kidogo kuliko wenzao. Maana yake simu inamshika mgonjwa asikimbie, na inamtibu, ila kukaa pamoja kunaelekea kuacha kitu kinachodumu zaidi. Anayekuuzia huduma ya mtandaoni akidai hakuna tofauti yoyote, amesoma nusu ya matokeo.

Chicago si Kamina, na kwa bahati njema tunao ushahidi wa karibu zaidi. Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapa utafiti wa Judith Bass na wenzake uliofanyika vijijini mashariki mwa Kongo, pamoja na shirika la International Rescue Committee, kwa wanawake walionusurika ukatili wa kingono. Vijiji vingine vilipewa msaada wa mtu mmoja mmoja, na vingine vilipewa tiba yenye utaratibu maalumu ya kuchambua mawazo: kikao kimoja cha faragha na vikao 11 vya kikundi. Miezi sita baada ya tiba, asilimia 9 ya waliopata tiba ile walikuwa bado na dalili za sonona au hofu iliyozidi, dhidi ya asilimia 42 katika vijiji vya msaada wa kawaida. Waliowatibu hawakuwa madaktari. Walikuwa wasaidizi wa Kikongo waliofundishwa, wakitumia Kiswahili, Mashi, Kihavu, Kifuliiru na Kibembe, na wakifuatiliwa kila wiki na wasimamizi. Akina mama wengi hawakujua kusoma wala kuandika, hivyo mazoezi yaliyokuwa ya kuandikwa yaligeuzwa kuwa ya kukumbukwa kichwani.

Utafiti huu haukuwa wa tiba ya simu. Nauleta kwa sababu unaonyesha nguvu ya tiba inakaa wapi: katika utaratibu unaofuatwa kwa uaminifu, katika lugha ya mgonjwa, na katika mtu wa karibu anayesimamiwa na anayejua zaidi. Vitu hivyo vitatu vinaweza kupita ndani ya simu, mradi ajulikane anayeishika simu hiyo na mahali alipokaa anapozungumza. Hapo ndipo Kamina itashinda au kushindwa, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Kwanza, kikao chenyewe. Mtu anayejaribu kwa mara ya kwanza hutarajia aanze mara moja kumwaga yaliyomo moyoni, na hushangaa kukutana na maswali yanayofanana na ya ofisi ya commune. Uko wapi sasa hivi, mtaa gani? Uko peke yako? Kuna mtu anayeweza kusikia? Laini ikikatika, nani ampigie mwenzake, na baada ya dakika ngapi? Tukishindwa kabisa kupatana, nimpigie nani aliye karibu nawe? Mtaalamu asiyeuliza hayo, mshuku. Daktari aliye chumba kimoja na mgonjwa akiona hali imebadilika ghafla, husimama akafunga mlango akaita msaada. Aliye Lubumbashi hana mikono Kamina. Maswali yale ndiyo mikono yake.

Katika kikao hichohicho ataeleza habari ya siri. Sheria ya jinai ya Kongo, katika kifungu cha 73, inamwadhibu anayetoa siri aliyokabidhiwa kwa sababu ya kazi yake, na mwanasaikolojia hapotezi wajibu huo kwa kuwa anazungumza kwa WhatsApp. Tangu Machi 2023 nchi ina pia Kanuni ya Mambo ya Kidijitali, inayolinda habari za mtu binafsi. Siri ina mipaka yake, na mipaka hiyo itajwe mwanzoni: maisha yako yakiwa hatarini, au mtoto akiwa hatarini, mtaalamu atatafuta msaada. Mkubaliane pia kwamba hakuna anayerekodi, si yeye wala wewe. Mazungumzo ya WhatsApp yamefungwa kwa usimbaji tangu 2016, kwa hiyo njiani si rahisi kuyadaka. Kwa kawaida siri huvujia kwenye simu isiyo na namba ya siri iliyoachwa mezani.

Kisha tiba yenyewe huanza, na mtu hugundua mambo ambayo hakuambiwa. La kwanza ni ukimya. Katika chumba, mgonjwa akinyamaza mtaalamu anamwona anafuta machozi, naye anangoja. Katika simu, ukimya wa sekunde kumi unaweza kuwa kilio, unaweza kuwa hasira, unaweza kuwa mtandao umeondoka. Mtaalamu mwenye uzoefu husema kwa sauti kile ambacho kwingine angekionyesha kwa uso: “Mama, niko hapa. Chukua muda wako.” Atakuuliza pia habari za mwili, kwa kuwa hauoni: mikono inafanya nini, pumzi iko vipi, umekaa au umesimama? Maswali haya huudhi mwanzoni. Baada ya vikao vichache wengi huona yamewafundisha kuisoma miili yao wenyewe, jambo ambalo katika chumba mtaalamu angelifanya kwa niaba yao.

La pili ni kuchelewa kwa sauti. Nusu sekunde tu inatosha kuwafanya watu wawili wakatizane kauli mara kwa mara, na anayesimulia jambo la aibu akikatizwa mara tatu hafiki mwisho wake. Ndiyo maana kwa mji kama Kamina nashauri bila kusita: laini ya kawaida ya sauti ikisikika vizuri, iwe ndiyo njia, na video ibaki kwa kikao cha kwanza na siku chache maalumu. Picha inayoganda uso wa mtu akiwa mdomo wazi haiongezi ukaribu wowote. Video ya dakika 50 humeza mamia ya mega, humaliza betri, na katika mji ambao umeme hautegemewi kila mtu anajua kuchaji ni mpango wa siku nzima. Isitoshe wapo wanaosema mazito zaidi wasipotazamwa. Aliyebakwa, au mwanamume anayetaka kukiri kwamba anampiga mkewe, sauti tupu inaweza kumfungua kinywa ambapo macho ya mtu yangemfunga. Video ina faida yake ya kweli pale ambapo mgonjwa anaposimulia tukio la kutisha huelekea kupotea, macho yakaganda akawa kama amerudi kulekule. Hapo mtaalamu anahitaji kumwona ili amrudishe.

La tatu halizungumzwi vya kutosha, nalo ni mwisho wa kikao. Anayetoka kwa mwanasaikolojia wa ana kwa ana ana njia ya kutembea. Anapita sokoni, jua linampiga, anapanga uso wake kabla ya kufika nyumbani. Wa simu hana njia hiyo. Amebonyeza kitufe, na mtoto yuko mlangoni anauliza chakula. Mtaalamu mzuri huanza kufunga mazungumzo dakika kumi kabla ya muda kwisha, hafungui jeraha jipya mwishoni, na humwomba mgonjwa akae palepale au atembee kidogo kabla ya kurudi kwa watu. Jitengee muda huo hata kama hujaombwa.

Mengine ya vikao ni mepesi kuyaeleza. Kutakuwa na kazi ya kufanya kati ya kikao na kikao. Shirika la Afya Duniani lina utaratibu mfupi uitwao Problem Management Plus, uliojaribiwa Nairobi pia, wenye vikao vitano vya dakika 90: kutuliza mwili kwa pumzi, kulikata tatizo vipande vidogo, kurudi kidogokidogo kwenye kazi zilizoachwa, na kujenga upya msaada wa watu. Ni aina ya tiba inayovuka kwenye simu bila kupoteza mengi. Ukiona baada ya vikao vinne au vitano hakuna kinachobadilika, sema wazi. Mtaalamu wa kweli haudhiki, hubadili njia au hukuelekeza kwa mwingine.

Sasa mahali. Nyumba nyingi za Kamina ziko ndani ya parsele yenye familia zaidi ya moja, kuta haziziui sauti, na uani daima kuna mtu. Mama anayetaka kueleza kwamba mume wake ndiye chanzo cha hofu yake atazungumzia wapi? Na atazungumza kwa simu ya nani? Katika nyumba nyingi simu yenye intaneti ni moja, nayo ni ya baba. Yeye ndiye anayenunua mega, anayejua namba zilizopigwa, anayeuliza “ulikuwa unaongea na nani saa nzima?” Kwa mwanamke kama huyo, kumwambia “piga tu simu” kunaweza kumletea kipigo. Wataalamu wanaofanya kazi na waathirika wa ukatili hupanga neno la siri ambalo likitamkwa kikao kinageuka kuwa mazungumzo ya kawaida ya shamba au ya kanisa, na huuliza maswali ambayo jibu lake ni ndiyo au hapana. Ni mbinu nzuri, lakini tiba ya nusu mdomo ina kikomo. Watu wengine huenda shambani na simu. Wengine huazima chumba cha parokia, au hukaa ndani ya gari la ndugu. Vijana huvaa spika za masikioni na kutembea. Haya yote ni ushahidi kwamba uhaba mkubwa Kamina ni wa mlango unaofungwa. Mei 2025 Kongo iliipa Starlink leseni, na wengi walifurahia kwamba sasa vijiji vitaunganishwa. Nami nafurahi, lakini setilaiti hazijengi kuta.

Kuna jambo lingine la mahali, la ndani zaidi. Waluba wa eneo hili wana historia ndefu ya mashauri ya kugusana. Katika kashekesheke, uaguzi wao wa zamani, anayeuliza na anayeagua hushika pamoja kifaa kimoja kidogo cha mbao, na jibu husomwa katika mwendo wa kifaa hicho chini ya vidole vya wote wawili. Jamaa, harakati ya Wakatoliki iliyochipuka Kolwezi katika miaka ya 1950 kwa mafundisho ya Padre Placide Tempels, ilijengwa juu ya watu kukutana uso kwa uso, baba na mama wa kiroho wakiwaongoza wengine hatua kwa hatua kwa mazungumzo ya Kiswahili. Mzee wa Kamina anaposema hawezi kumfungulia moyo mtu asiyemwona, nyuma yake kuna urithi mzito, na mtaalamu wa mbali anapaswa kuuheshimu. Wakati huohuo familia zilezile zinafuata matanga kwa WhatsApp, zinalia pamoja na ndugu walio Ubelgiji au Afrika Kusini, na zinaombewa na wachungaji kwa simu. Kwa hiyo watu wanaizoea sauti ya mbali. Wanachokataa ni sauti ya mgeni ambaye hakuna mtu wao anayemjua. Mtaalamu akitambulishwa na muuguzi wa kituo cha afya anayefahamika mtaani, nusu ya shaka inaondoka kabla ya neno la kwanza.

Lugha inaingia hapohapo. Mwanasaikolojia wa Kinshasa anaweza kuwa bingwa wa Kifaransa na Kilingala, lakini mtu anayelia analia kwa Kiluba au kwa Kiswahili cha Katanga. Uliza mapema. Mkalimani anaweza kusaidia, ila asiwe mtoto wa mgonjwa wala jirani, na kwenye simu awe laini moja na wengine tangu mwanzo, ajulikane kwa jina. Mtaalamu anayezungumza Kiswahili wa Nairobi au Dar es Salaam atakuelewa kwa sehemu kubwa, nanyi mtahitaji vikao viwili vitatu kuzoeana lafudhi. Saa nazo huleta mvurugano: Kamina inafuata saa ya Lubumbashi, iliyo mbele ya Kinshasa kwa saa moja na nyuma ya Nairobi kwa saa moja, na Brussels hulingana nasi majira yao ya kiangazi tu. Wakati wa kupanga miadi itajeni saa ya mji gani.

Kuhusu fedha, malipo ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money yamerahisisha kumlipa mtu wa mbali, na yamewarahisishia matapeli pia. Kabla hujaenda kwenye kabini kutuma chochote, uliza mtu huyu alisoma wapi, anafanya kazi taasisi gani, nani anamsimamia, kisha ipigie simu taasisi hiyo. Anayedai malipo ya vikao kumi kwa mkupuo, anayeahidi kukuponya kwa siku tatu, anayekuandikia vidonge kwa ujumbe wa sauti bila kukupima, muache. Dawa za akili zinahitaji mtu wa kuzitoa, wa kupima damu na shinikizo, na wa kuona zinavyokukaa.

Wapo ambao simu haiwafai, na hapa sitaki kulegeza kauli. Mtu aliyeanza ghafla kuchanganyikiwa, kusema maneno yasiyoshikana au kuona wasioonekana, apelekwe kwanza hospitali apimwe. Malaria ikipanda kichwani, homa ya matumbo, kifafa na sukari vyote vinaweza kuonekana kama wazimu, na kila saa ya kumtafutia mwanasaikolojia mtandaoni ni saa iliyopotea. Anayesikia sauti zinazomwamuru, aliyezama katika pombe mpaka anatetemeka akiikosa, na mtoto mdogo, ambaye huzungumza kwa mchezo na michoro zaidi kuliko kwa maneno, wanahitaji mtu aliye mbele yao. Anayesema anataka kufa asingoje miadi: asiachwe peke yake, sumu za shambani na silaha ziondolewe nyumbani, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Simu ya mtaalamu inaweza kumsindikiza njiani. Isiwe badala ya njia.

Nikiviweka vyote pamoja, naona namna ambayo kwa Kamina ina maana kuliko ile ya kila mtu na simu yake kitandani. Mgonjwa aende kituo cha afya au hospitali, mahali ambapo kwenda hakuulizwi sana kwa sababu kila mtu huenda huko kwa homa. Akute chumba, simu iliyochajiwa, na muuguzi aliyefundishwa. Shirika la Afya Duniani lina mpango wake, mhGAP, tangu 2008, wa kuwafundisha wauguzi na madaktari wa kawaida kutambua na kuhudumia magonjwa ya akili. Muuguzi ampime mwili, amuunganishe na mwanasaikolojia wa Lubumbashi, atoke, abaki karibu. Kikao kikiisha, mgonjwa akae pale dakika kumi kabla ya kurudi nyumbani, na kama hali imemzidi kuna mtu. Siku nyingine simu hiyohiyo itumike kwa kazi ambayo naiona kubwa zaidi: mwanasaikolojia kumsimamia muuguzi mwenyewe, kusikia kesi zake, kumsahihisha, kumtia moyo, ili mwaka ujao muuguzi aweze kufanya mengi bila laini yoyote. Hivyo ndivyo wale wasaidizi wa vijiji vya mashariki walivyofikia matokeo yao. Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha kina bibi kusikiliza watu kwenye mabenchi nje ya zahanati, na utafiti uliochapishwa 2016 ukathibitisha kwamba wagonjwa wao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kamina haina upungufu wa kina bibi wanaojua kusikiliza.

Division ya Afya ya mkoa haina sababu ya kungoja mitambo mipya. Kinachotakiwa ni chumba kimoja chenye mlango katika hospitali kuu ya rejea ya Kamina, na baadaye Bukama, Kabongo, Kaniama na Malemba-Nkulu, muuguzi mmoja aliyefundishwa katika kila chumba, na mkataba na wanasaikolojia wachache wa Lubumbashi wenye siku maalumu za kupiga. Kanisa Katoliki na la Methodisti, ambayo yana majengo katika pembe zote za mkoa huu, yanaweza kutoa vyumba hivyo hata kabla ya serikali kuamka. Nawe msomaji, mtu akikuomba umwazime chumba na simu kwa saa moja, mpe, wapeleke watoto uani, wala usimwulize baadaye alikuwa akizungumza na nani.